Kodi ya mauzo Marekani kwa mwenye kabiashara kadogo: anzia hapa (mfano wa Texas)

Wiki haiishi bila mtu kunipigia. Wa juzi anauza vitenge kwenye gereji yake Dallas, wa jana anapika pilau na sambusa za oda, na swali ni lile lile: eti natakiwa kukata kodi kwenye mauzo, nakata asilimia ngapi, halafu hiyo hela naipeleka IRS (ofisi ya kodi ya serikali kuu)? Nimechoka kurudia kwenye simu huku nakoroga sufuria, kwahiyo naandika yote hapa, ukiniuliza tena nakutumia hii.

Mimi sio mhasibu. Nauza vitenge, batiki na viungo hapa Houston, na haya nimejifunza kwa kufanya, mengine kwa kupigwa faini. Mfano mkubwa ni Texas kwa sababu ndo nnapofaili (kupeleka ripoti ya kodi), majimbo mengine nitayagusa pale yanapotofautiana sana. Kama uko jimbo lingine hatua ni zile zile, ila namba zake kazichukue kwenye tovuti ya ofisi ya kodi ya jimbo lako, usibebe za Texas ukaenda nazo Ohio.

Kwanza toa VAT kichwani

Nyumbani tumezoea VAT, Tanzania Bara 18%, Kenya 16%, bei ya dukani imeshaibeba ndani na mkusanyaji ni mmoja nchi nzima. Huku hakuna VAT. Kuna kodi ya mauzo, ni mali ya jimbo, IRS haihusiki nayo hata kidogo, anaibeba mnunuzi wa mwisho tu, na inaongezwa juu ya bei pale kaunta, ndo maana siku ya kwanza ulipofika ulishika kitu cha dola 10 mkononi ukiwa na dola 10 kamili halafu ukaaibika.

Majimbo 45 yanayo, pamoja na Washington DC. Matano hayana kodi hii ya jimbo: Alaska, Delaware, Montana, New Hampshire na Oregon, ingawa Alaska miji yenyewe inaruhusiwa kutoza. Halafu kwenye majimbo mengi, juu ya asilimia ya jimbo, mji na kaunti nao wanachomeka ya kwao. Texas jimbo linachukua 6.25%, mji na wenzake wanaweza kuongeza mpaka 2%, jumla haivuki 8.25%, na Houston tuko hapo hapo kileleni. Kentucky ni 6% na Indiana 7%, basi, hakuna cha mji. California inaanzia 7.25%. New York jimbo ni 4% ila ukiwa ndani ya jiji la New York unajikuta kwenye 8.875%.

Na kitu kimoja ukikielewa mengine yote yanakuwa mepesi: hiyo hela SIO YAKO. Wewe ni kama kondakta, umekusanya nauli, gari lina mwenyewe. Wengi wanaopata matatizo hawakukosea hesabu, waliila.

Uwe na hivi kabla hujaanza

- SSN au ITIN yako, zile namba za serikali za kukutambua wewe binafsi. Kama umefungua kampuni, uwe na EIN, yaani namba ya kodi ya biashara, hiyo inatolewa na IRS bure kwenye tovuti yao, ukiona mtu anakuchaji dola mia anakupiga.
- Jina la biashara na anwani halisi ya pale unapofanyia, hata kama ni nyumbani.
- Akaunti ya benki ya biashara, na ikiwezekana ya pili ndogo ya kuwekea kodi peke yake.
- Orodha ya vitu unavyouza. Usiandike "vyakula na nguo", andika kimoja kimoja, utaona kwanini.
- Tarehe uliyoanza kuuza kweli, hata kama ilikuwa kimya kimya kwa Zelle (kutumiana hela kwa simu).
- Daftari au Ekseli. Programu za kulipia kila mwezi achana nazo kwa sasa, ukiwa unauza jimbo moja huzihitaji.

Hatua zenyewe

1. Jua jimbo gani linakudai

Jimbo unaloishi na kuuzia linakudai tangu mauzo ya kwanza. Hakuna cha "mpaka nifike kiwango fulani", hapa ndo watu wengi wanachanganya. Kile kiwango wanachokisikia cha dola 100,000 au 500,000 ni cha muuzaji aliye NJE ya jimbo.

Kilianzia hapa: zamani jimbo lilikuwa haliwezi kukulazimisha ukusanye kodi yake kama huna duka, stoo au mfanyakazi pale. Juni 21, 2018 Mahakama ya Juu Kabisa ya Marekani ikaamua kesi ya South Dakota dhidi ya Wayfair, ikasema hata kama hujakanyaga, ukiuza sana kwa watu wa jimbo lile unakusanya. South Dakota walikuwa wameweka dola 100,000 au miamala 200 kwa mwaka, wengine wakafuata, kila mmoja kwa mtindo wake. Texas na California wameweka 500,000. New York 500,000 na pia miamala iwe zaidi ya 100, vyote viwili. Florida 100,000. Georgia na Minnesota ni 100,000 au miamala 200, na hapo kwenye 200 ndo pa kuangalia maana ukiuza hereni za dola 12 unaweza kufika 200 ukiwa bado masikini kabisa. South Dakota wenyewe hiyo 200 walishaiondoa mwaka 2023.

Kwahiyo kama uko Texas na umetuma viguo vitatu kwa dada zako Ohio, tulia, Ohio haikudai. Na kodi ya Texas nayo haikatwi kwenye huo mzigo uliousafirisha wewe kwenda nje ya jimbo, ila tunza risiti ya posta kama ushahidi.

ANGALIZO: ukienda mwenyewe na masanduku kuuza kwenye tamasha jimbo lingine, hapo umekanyaga, viwango vya dola laki havikuhusu, unahitaji kibali cha kule hata kama ni siku mbili. Minnesota kwa mfano mwenye tamasha anatakiwa akudai fomu inaitwa ST19 kabla hujapanga meza. Nimeona mtu karudishwa na meza yake imeshatandikwa.

Mzigo wako ukihifadhiwa kwenye ghala la Amazon jimbo lingine, hiyo nayo ni kukanyaga.

2. Pitia bidhaa moja moja

Hapa usiende haraka. Chukua ile orodha, mbele ya kila kitu andika "inakatwa" au "haikatwi" kwa sheria ya jimbo LAKO.

Kwa Texas mimi yangu iko hivi. Kitenge, gauni, shati, viatu, shanga, vikapu: inakatwa. Unga wa ugali, mchele, maharage, viungo vikavu, majani ya chai: haikatwi, hicho ni chakula cha kwenda kupika. Soda na pipi: inakatwa, hata kama vinaliwa. Maji ya chupa hayakatwi. Pilau ya moto kwenye sahani, sambusa tayari kwa kula: inakatwa, hicho ni chakula kilichoandaliwa. Mikate, keki na vitu vya kuoka vina kanuni zao, na moja ya vitu wanavyoangalia ni kama umempa mteja sahani na uma, kwahiyo kama wewe ni wa keki kasome ile sehemu yao peke yake.

Huduma nazo ziangalie maana Texas inakata baadhi. Kusuka nywele hakukatwi, ila ukimuuzia mteja rasta za kuondoka nazo, hizo ni bidhaa, zinakatwa. Kufanya usafi wa majumba na maofisi KUNAKATWA, na najua wengi humu ndo kazi yetu, hata kukata majani na kufua nguo za watu. Nimekutana na kina mama wa usafi wanasema "mimi nauza jasho sio bidhaa", aisee, kwa Texas jasho la usafi lina kodi.

Ukihama jimbo, orodha inageuka. Nguo za kawaida Minnesota, Pennsylvania na New Jersey hazikatwi. Massachusetts hazikatwi mpaka dola 175 kwa kipande. New York kipande kikiwa chini ya dola 110 jimbo halikati na jiji la New York halikati. Ila Minnesota hiyo hiyo, mkoba na hereni zinakatwa, kwahiyo meza moja, mteja mmoja, gauni bila kodi na mkoba wake na kodi.

3. Chukua kibali kabla hujakata hata senti

Texas kinaitwa Texas Sales and Use Tax Permit, kinatolewa na ofisi ya Texas Comptroller of Public Accounts (ndo ofisi ya kodi ya jimbo), unaombea kwenye tovuti yao na ni BURE. Majimbo machache yanachaji ada kidogo. Watakuuliza vile vitu vya juu, aina ya biashara kwa namba ya NAICS, yaani namba ya kundi la biashara (waweza kuitafuta pale pale kwenye fomu kwa kuandika unachouza), tarehe ya kuanza, na makadirio ya mauzo. Usijikweze kwenye makadirio, ndo kimojawapo wanachotumia kuamua utafaili kila mwezi au kila robo mwaka.

Kikija, kibandike mahali wateja wanakiona. Ukiwa mtu wa masoko ya wikendi beba na utundike pale mezani.

ANGALIZO: kukata kodi bila kibali ni kosa baya kuliko kutokukata. Namjua mtu aliongeza 8.25% kwenye kila oda kwa sababu aliona maduka yanafanya hivyo, mwaka mzima, hana kibali, hajui pa kuipeleka, hela ikaishia kwenye pango la nyumba. Texas kukusanya kodi kwa jina la jimbo halafu usiipeleke kunaweza kuwa jinai, na kampuni kuwa na herufi za LLC (kampuni inayotenga madeni yake na ya mwenyewe) hakukukingi wewe uliyeishika hiyo hela.

ANGALIZO lingine: ukishasajili biashara zitaanza kuja barua zenye nembo kama za serikali, "lipa dola 90 upate cheti chako". Soma herufi ndogo chini. Nyingi ni watu binafsi wanauza kitu ambacho ni bure.

4. Nunua mzigo bila kulipa kodi

Watu wanaisahau hii na ndo faida pekee ya kuwa na kibali. Ukinunua mzigo wa kuuza kwa muuzaji wa jumla, unampa cheti cha kununua kwa ajili ya kuuza tena, Texas ni fomu namba 01-339, unaandika namba ya kibali chako na aina ya vitu, unasaini. Hapo hakukati. Cheti hakipelekwi Comptroller, anakitunza yule muuzaji.

Kitumie kwa vitu vya kuuza TU. Usiende nacho kununua meza ya kupangia, mashine ya kushonea au televisheni ya nyumbani. Na ukichomoa kitenge kwenye mzigo ukamshonea mama watoto, hicho umekuwa wewe ndo mnunuzi wa mwisho, unadaiwa kodi kwa bei uliyonunulia. Nitarudi hapo kwenye kufaili.

Ushuru wa forodha uliolipa kuingiza mzigo kutoka Dar ni kitu kingine kabisa, haupunguzi kodi ya mauzo hata senti. Naulizwa hili kila mara.

5. Weka asilimia sahihi

Swali linalofuata ni asilimia ya wapi, kwako au kwa mteja? Majimbo mengi yanafuata mzigo unapofikia, yaani anwani ya mteja. Texas ina mtindo wake, ukiwa na duka ndani ya jimbo kwa kawaida kodi ya mji inafuata pale dukani kwako. Ukiwa huna duka na unapokea oda kwa simu tu, pigia Comptroller uwaulize kwa hali yako, wanapokea simu na sijawahi kujibiwa vibaya.

Tafuta asilimia kwa anwani kamili kwenye kifaa cha kutafutia kilichoko kwenye tovuti ya jimbo. Usitafute kwa namba ya zipu (ile ya posta) peke yake, zipu moja inaweza kukatiza miji miwili yenye viwango tofauti.

6. Kata na uandike kwenye risiti

Gauni dola 45, Houston: 45 mara 0.0825 ni 3.7125, unaandika 3.71, mteja analipa 48.71. Kodi ionekane kwenye mstari wake.

Ukimtumia mteja wa Texas kwa posta na ukamchaji dola 8 za kusafirisha, Texas inakata na hizo 8 kama kilichomo ndani kinakatwa. Kwahiyo ni 53 mara 0.0825, ni 4.37, jumla 57.37. California ni tofauti, gharama ya posta ukiiandika mstari wake peke yake na ukatuma kwa posta au kampuni ya usafirishaji, kwa kawaida haikatwi.

Sasa sisi waswahili hatupendi senti senti, mteja anakwambia "dada weka arobaini na tano tuelewane". Sawa, unaweza kuuza kwa bei iliyobeba kodi, ila LAZIMA uandike wazi, kwenye bango au risiti, kwamba bei ina kodi ndani. Halafu ya kwako sio 45. Unagawanya 45 kwa 1.0825, unapata 41.57, hiyo ndo mauzo, na 3.43 ni ya jimbo. Usipoandika popote kwamba kodi imo, mkaguzi anahesabu kwamba hukukata kitu na anadai juu ya 45 yote.

Wateja wasiokatwa: anayenunua akauze (akupe cheti chake), kanisa, msikiti, shule. Hapa nakuomba usiwe mpole. Kwaya ikikuagiza magauni 40 ya dola 45 hiyo ni 1,800, kodi yake 148.50. Wakisema "sisi ni kanisa" bila kukupa cheti cha msamaha kilichosainiwa, siku ya ukaguzi hiyo 148.50 inatoka mfukoni kwako, na mwenyekiti wa kwaya atakuwa keshahamia jimbo lingine. Chukua cheti kwanza, ukate kitambaa baadaye.

7. Tenga hela kila wiki

Jumapili usiku mimi nahesabu kodi ya wiki nahamishia ile akaunti ndogo. Dakika kumi. Nimejaribu kutenga mwisho wa mwezi, haikufanya kazi, hela ikikaa pamoja na ya kula inaliwa tu hata uwe mcha Mungu namna gani.

8. Faili, HATA KAMA HUJAUZA KITU

Texas tarehe ni 20 ya mwezi unaofuata kipindi. Wa kila robo mwaka ni Aprili 20, Julai 20, Oktoba 20 na Januari 20. Ikiangukia wikendi au sikukuu inasogea siku ya kazi inayofuata. Unafailia kwenye mfumo wao unaitwa Webfile.

Watakuuliza namba tatu kubwa. Mauzo yote, mauzo yanayokatwa, na manunuzi yanayodaiwa, hii ya tatu ndo ile ya kitenge ulichomshonea mama watoto, na vitu vya biashara ulivyonunua mtandaoni muuzaji asikukate kodi. Watu wengi wanaweka sifuri bila kufikiria.

Mfano robo moja: umeuza vyote 9,200, kati ya hizo 2,400 ni viungo na unga visivyokatwa, vinavyokatwa ni 6,800. Kodi 561 kamili, 425 ya jimbo na 136 ya mji na wenzake. Ukifaili na kulipa kwa wakati Texas inakuachia nusu asilimia, kama dola 2 na senti 80, sio hela lakini ni heshima. Ukichelewa hata siku moja inakuwa 5%, yaani 28.05, pamoja na dola 50 ya kuchelewesha ripoti. Ukipita siku 30 ile 5% inakuwa 10%. Na baada ya siku 60 riba inaanza kutembea.

Hiyo dola 50 inakupata hata kama kodi yako ni sifuri. Mimi robo yangu ya pili nilikuwa nimesafiri msibani Tanga, sikuuza hata uzi, nikajisemea nitaripoti nini sasa, sijauza. Barua ikaja. Dola 50 kwa kutosema "sifuri". Siku hizi nafaili sifuri kwa raha zangu, dakika tatu.

9. Tunza makaratasi miaka minne

Risiti za mauzo, za manunuzi, vyeti vya wateja wasiokatwa, ushahidi wa mizigo iliyotoka nje ya jimbo. Miaka minne kwa Texas. Piga picha, risiti za karatasi laini zinafutika zenyewe, na weka kwenye folda kwa mwezi. Zelle na Cash App nazo zinahesabika, usidhani kwa sababu haikupita kwenye mashine ya kadi basi haikutokea.

Unauza Amazon, Etsy au eBay?

Hao wanakata na kupeleka kodi wenyewe kwa niaba yako, majimbo yote yenye kodi hii yamewalazimisha, Missouri ndo ilikuwa ya mwisho, Januari 2023. Usikate tena juu yake, utamkata mteja mara mbili. Ila tovuti yako mwenyewe, Instagram, WhatsApp na meza ya wikendi hazimo kwenye huo mpango, hapo mkusanyaji ni wewe. Na usijifutie kibali kwa sababu Etsy inakata, kuna majimbo yanataka uendelee kufaili ukionyesha mauzo ya huko kwenye mstari wake, uliza la kwako.

Ukikua ukaanza kuvuka viwango majimbo mengi, kuna mpango unaitwa Streamlined Sales Tax wenye majimbo 24, unajisajili mara moja bure kwa yote au unayoyataka. Texas, California, New York na Florida hazimo, hao unaenda mmoja mmoja.

Ikikwama

Umekuwa unauza mwaka mzima bila kibali. Usijifiche na usiombe kibali kwa kudanganya tarehe ya kuanza. Majimbo mengi yana mpango wa kujisalimisha mwenyewe kwa hiari, Texas wanao, na sharti kubwa ni uwafuate kabla wao hawajakufuata. Faini husamehewa, na wanarudi nyuma miaka minne tu. Ila kama ulikuwa umekata wateja kodi, hiyo yote unaitoa, hapo hakuna huruma, na ni haki yao. Kwa hili moja mlipe mhasibu mwenye leseni, anaweza kuanza mazungumzo bila kutaja jina lako.

Umesahau kumkata mteja. Ukiweza kumrudia mrudie, ukishindwa lipa wewe. Jimbo linakudai wewe.

Umekata zaidi. Mrudishie mteja, au ipeleke yote jimboni. Kubaki nayo hapana.

Mteja karudisha gauni. Unamrudishia na kodi yake, halafu unapunguza kwenye mauzo ya kipindi kile unachorudisha.

Umefaili ukagundua umekosea. Faili marekebisho kwenye mfumo ule ule, usisubiri uje kufidia kimya kimya robo ijayo.

Huna hela ya kulipa tarehe 20. FAILI hivyo hivyo, dola 50 ya ripoti unaikwepa, halafu wapigie simu uombe kulipa kwa awamu. Mtu anayekaa kimya ndo anafungiwa akaunti.

Mteja anabisha "mbona mwaka jana Agosti nilinunua bila kodi?" Yuko sahihi. Texas ina wikendi moja Agosti, nguo na viatu vya chini ya dola 100 kwa kipande havikatwi, pamoja na vifaa vya shule. Andika tarehe za mwaka husika, jaza mzigo, na uzime kodi kwenye mashine siku hizo. Halafu Jumatatu ukumbuke kuiwasha, mimi niliwahi kukaa mpaka Alhamisi.

Umeamua kufunga biashara. Usitupe tu namba. Faili ripoti ya mwisho, halafu omba kibali kifungwe, la sivyo mfumo unaendelea kusubiri ripoti zako na zile dola 50 zinaendelea kuja ukiwa umeshahamia zako Minnesota. Na vile vitenge vilivyobaki kwenye sanduku ambavyo utawagawia shangazi na mawifi, ulivinunua bila kodi, kwahiyo viingize kwenye ule mstari wa tatu kwa bei uliyonunulia kabla hujabonyeza kutuma.